Kulungu kwenye Kiti cha Nyuma

Askari wa kizuizi cha Birkat al-Mawz, pale chini kabisa ya mlima wa Jabal Akhdar, Omani, aliweka vidole viwili shingoni mwa kulungu wetu na kumsikiliza mapigo. Akangoja. Akahamia upande wa pili wa shingo, akangoja tena. Kisha akanigeukia, kwa upole wa mtu anayeleta habari ya msiba, akaniambia kwamba mnyama ameshakufa na kwamba kuwinda ni kosa.

Nikamwambia ni wa sponji.

Akafikiri kidogo. "Sawa," akasema, "lakini nani kamuua?"

Wengi mmeniuliza ilikuwaje, na kila mmoja nimemsimulia kipande chake kwenye simu, mpaka sasa kuna watu wanaoamini kwamba tulikamatwa na wengine wanaoamini kwamba tuliuza mnyama Nizwa. Hatukukamatwa, na hatukuuza, ingawa ilibaki kidogo. Nimeona niandike yote kwa mpango, tangu Sur. Mambo ya vibali na matengenezo ya gari nayaruka kwa sababu hayana ladha.

Sur

Ami Seif ni ndugu mdogo wa marehemu baba yangu. Amekaa Sur tangu alipostaafu, yeye na mkewe Bi Zuwena, lakini sisi asili yetu ni Tabora, na mpaka leo nyumba yao ndiyo pekee mtaani inayonuka ugali. Bi Zuwena ana kaka mmoja tu, Nassor, mwenye shamba la makomamanga huko Jabal Akhdar. Ami Seif na Nassor walikuwa marafiki kabla ya kuwa mashemeji, na ugomvi wao ni wa zamani kuliko ndoa.

Ugomvi wenyewe ni huu. Vijana wawili wametoka kuwinda kwa pinde, porini nje ya Tabora. Mishale yao imetengenezwa na mhunzi mmoja, yote sura moja. Wakamkuta kulungu amelala kivulini, wakapiga kwa pamoja. Mshale mmoja ukampata nyuma ya bega, wa pili haukuonekana tena. Wote wawili wakakimbia, wakafika pamoja, wakakuta kulungu amekwisha kufa. Walipomfikisha nyumbani, babu yangu akauliza, "Nani kapiga?" Wote wakajibu, "Mimi!" Babu akauliza tena, "Nani kasema Bismillahi?" Kimya. Kila mmoja alikuwa amebana pumzi ili mkono usitikisike. Nyama wakapewa mbwa, na nyumba nzima ikala ugali kwa mlenda.

Kwa miaka zaidi ya hamsini habari hii ilikuwa ya kuchekea wakati wa kahawa. Lakini mwaka jana, kwenye arusi moja ya Ibra, Nassor aliisimulia mbele ya wanaume waliojaa sabla, yaani ukumbi wa wageni, akamalizia kwamba Seif hajawahi kupiga kitu maishani mwake isipokuwa simu. Ami Seif aliinuka, akavaa viatu, akaondoka kabla sinia hazijashushwa. Hawajasemezana tangu siku hiyo.

Sasa mjukuu wa Bi Zuwena anaolewa, na Bi Zuwena hataki arusi ndani ya nyumba yake bila kaka yake.

"Nenda kamlete," alimwambia mumewe, nami nimekaa hapo hapo na kikombe changu. "Ukirudi bila Nassor, ni bora ubaki huko huko ule makomamanga."

"Aje mwenyewe. Yeye ndiye aliyenitukana."

"Seif! Una miaka mingapi?"

Ami alikwenda chumbani akatoka na mpango. Mwanawe aliyeko Kanada alikuwa amemletea zawadi ya kulungu wa sponji, wa kujifunzia shabaha: mkubwa kama wa kweli, amelala, miguu imekunjwa chini, shingo juu, na pembe zenye matawi ambazo hakuna mtu wa Sur wala wa Tabora aliyewahi kuziona juu ya kichwa cha mnyama. Pamoja naye zilikuja pinde mbili za mbao na mishale sita myeusi. Mpango ulikuwa wapige tena, umbali ule ule, kulungu amelala vile vile. Atakayempata nyuma ya bega, basi na ule wa Tabora ulikuwa wake, na mwenzake akubali mbele ya watu.

Nilimuuliza hoja hiyo imesimama juu ya nini.

"Mwanangu," alisema, "mkono wangu ni ule ule." Wakati akisema hivyo alikuwa akimimina chai, na nusu ilikuwa kwenye kisahani.

Ila alikuwa amejiandaa, hilo nalikubali. Miaka yote hiyo amekuwa akiyachambua makosa ya siku ile mpaka ameyapa nafasi zake, na kila kosa ana dawa yake. Kosa la kwanza, hawakutia alama mishale. Kwa hiyo alinunua utepe mwekundu wa mafundi umeme: mishale yake itafungwa utepe, ya Nassor itabaki myeusi. Nilipendekeza aufunge hapo hapo. Akakataa. Nassor angesema alama zimetiwa kwa hila; utepe utafungwa mbele ya macho yake.

Kulungu hakuingia kwenye buti kwa sababu ya pembe. Tukamkalisha kiti cha nyuma, tukamfunga mkanda. Ami alihofia jua lisiilainishe sponji, kwa hiyo tukamfunika shuka jeupe, na pembe tukazizungushia kilemba ili zisichane dari. Nilipofunga mlango nikarudi nyuma kutazama. Ndani ya gari alikuwapo mzee mnene mwenye kilemba kikubwa, amechoka, hataki maneno na mtu.

Sur hadi Ibra

Tulipofika Al-Kamil Ami aliniomba niteremshe vioo vyote. Bi Zuwena alikuwa amemfukizia kanzu zake kwa udi, kama afanyavyo kila mumewe anapokwenda ugenini, na hilo kwa Ami lilikuwa kosa la pili. Siku ile Tabora mama yake alimpaka mafuta mazuri kabla hajatoka, na wanyama wote isipokuwa yule mmoja aliyelala walimnusa mapema.

"Lakini huyu hana pua, Ami."

"Mazoea, mwanangu. Mtu anafanya kwa mazoea."

Kwa hiyo tulikwenda kilomita nyingi na upepo wa moto usoni, Ami ametoa mkono nje ameshikilia kanzu ya akiba inayopepea kama bendera, na mtu wetu wa nyuma ametulia. Malori yalipotupita, madereva walimpungia yeye.

Bidiya tulisimama kutia mafuta na kunywa chai. Niliagiza chai mbili na chapati za jibini. Muuza chai alileta tatu. Nikamwambia tuko wawili. Akaelekeza kidevu kwenye kiti cha nyuma na kunitazama kama mtu anayeonea wazee. Ami aliichukua ile ya tatu akainywa mwenyewe, akageuza kichwa na kusema kwa sauti, "Daktari kamkataza sukari." Muuza chai alielewa. Akaleta nyingine isiyo na sukari.

Hapo ndipo ningesema ukweli. Lakini foleni ilikuwa ndefu nyuma yetu, na maelezo yake pia yalikuwa marefu.

Ibra

Ibra tulifikia kwa Bwana Humaid, aliyefanya kazi ofisi moja na Ami miaka mingi. Familia yake ilitoka Unguja, na Kiswahili chake ni kile cha mjini cha zamani. Mtu anaweza kumsikiliza akizungumzia ankara ya umeme na akafurahi. Alikuwapo kwenye ile arusi ya mwaka jana. Alimwona Ami Seif akivaa viatu.

Huku bara ya Omani mgeni haulizwi shida yake mlangoni. Kwanza salamu, kisha mnakaa, kisha mwenyeji anauliza habari za kutoka huko, na mgeni anajibu kwamba hakuna habari ila njema, hata kama nyumba yake imeungua. Halafu tende, halafu kahawa. Hayo yote yafuatwe ndipo neno lenyewe lizungumzwe. Kwa hiyo tulipokwisha kukaa na Humaid akauliza, "Na yule mwenzenu mbona hashuki?" Ami, ambaye bado alikuwa kwenye "hakuna habari ila njema", akajibu tu, "Mwache, ni mgeni wangu."

Humaid akaagiza kahawa ipelekwe garini. Dereva wake akaenda na birika na kikombe, akarudi.

"Hanywi," alisema.

"Hajibu?"

"Hajibu. Nimemwekea kikombe mbele yake. Anatazama mbele tu."

Niliona uso wa Humaid ukibadilika. Ambaye hajakaa na watu wa huku hatalielewa jambo hili, kwa hiyo nalieleza. Mgeni akiwekewa kahawa asiiguse, maana yake amekuja na haja, na hainywi mpaka mwenye nyumba atamke kwamba haja yake amepewa. Ni jambo zito. Watu wamesamehewa damu kwa kikombe kilichoachwa juu ya mkeka. Na mgeni ambaye hata kushuka hakushuka, haja yake itakuwa kubwa kuliko nyumba.

Humaid alinisogelea. "Binti yangu," alininong'oneza, "usinifiche. Ni Nassor, sivyo? Kaja kutaka suluhu, na anaona haya kuingia nyumba ambayo mwenzake yumo."

Nilifungua kinywa kumjibu. Yeye alikuwa ameshainuka.

Alitoka uani na majirani wawili aliowaita kwa mkono njiani, kwa sababu neno kama hilo hutamkwa mbele ya mashahidi. Alisimama hatua chache kutoka garini, akanyoosha mabega, akasema kwa sauti iliyofika barabarani:

"Ewe mgeni! Haja yako, iwe ndogo iwe kubwa, umepewa! Kunywa kahawa yako!"

Kimya.

"Umepewa, wallahi, na mimi Humaid ni dhamana!"

Jirani mmoja alifuta jicho. Ami Seif alikuwa amekwisha kufika mlangoni, kofia imekwenda upande, anaita, "Humaid! Humaid, ngoja!" Lakini Humaid alikwisha kufungua mlango wa gari, akainama ndani, akamkumbatia mzee wa watu kwa mikono miwili na kumvuta kifuani. Tukasikia kitu kikikatika.

Aliponyoosha mgongo alikuwa na kilemba mkono mmoja na pembe mkono wa pili.

Humaid aliitazama pembe, akamtazama kulungu, akarudi kwenye pembe.

"Seif. Huyu nani?"

"Kulungu."

"Na haja yake?"

Nilidhani ndipo watakapocheka, na jirani mmoja alikwisha kuanza. Lakini Humaid aliinua kidole. Alikuwa ametoa neno mbele ya watu, alisema, na neno halichagui limesemwa mbele ya nani. Haja imekubaliwa. Sasa aelezwe ni haja gani. Basi Ami akamweleza, pale pale uani, habari ya Tabora na ya arusi na ya mkewe, na kwamba anataka Nassor ateremke Sur. Humaid akasikiliza mpaka mwisho. "Mwambie Nassor," akasema, "kwamba mimi nimeshamwitikia kulungu wako. Akikataa, kanikatalia mimi."

Kisha, kwa sababu yeye ndiye aliyevunja, akasisitiza kutengeneza. Alikuta utepe mwekundu kwenye kiti cha mbele, na akaitengeneza pembe kwa ukarimu ule ule anaotilia samli kwenye wali: akazungusha, akarudi, akazungusha tena, mpaka ikawa nene kama mkono wangu. Ami alikuwa anaosha mikono kwa ajili ya chakula. Aliporudi alikuta kiini cha karatasi tu, kitupu, juu ya boneti.

"Alama zangu," alisema.

"Imeshika!" alisema Humaid, anaitikisa pembe kwa furaha. "Hebu itikise!"

Ami aliitikisa. Angefanya nini? Tulikula wali kwa nyama ya mbuzi na pilipili ya ndimu, tukalala hapo. Maduka ya Ibra yalikuwa yamefungwa tulipoondoka asubuhi, na ilikuwa Ijumaa.

Sinaw, kisha Nizwa

Njia ya Sinaw ni nyoofu na Ami aliitumia kunifundisha kosa la tatu, ambalo ni kumtazama mnyama mzima. Ukimtazama mzima, mshale nao hauchagui. Uchague unywele mmoja. Alinifanyisha mazoezi kwa mabango ya barabarani: nisitazame bango, nitazame nukta moja ya herufi moja. Kwa sababu hiyo niliipitiliza njia ya kukatia kwenda Nizwa, nikiwa nimeiona vizuri sana nukta ya bango lake.

Ijumaa asubuhi Nizwa kuna mnada wa mifugo karibu na ngome. Wauzaji wanazunguka duara wakivuta mbuzi, wanunuzi wamekaa pande zote mbili wanapapasa mbavu. Ami hakutaka kumwendea Nassor mikono mitupu, alitaka mbuzi. Wala hakutaka kumwacha kulungu garini, jua lilikuwa limekwisha panda. Akamwita mwenye toroli, wakampakia.

Mimi nilikwenda kununua halwa, na mlango wa lile duka unautazama mnada. Nilichokiona ni hiki. Mwenye toroli alisimama pembeni. Mtu akaja akamfunua kulungu shuka. Wakaja watatu. Dalali mmoja, fimbo mkononi, akamtazama mnyama, akaitazama pembe nyekundu, akamwambia mwenye toroli kitu, na toroli likaingia kwenye duara likaanza kuzunguka katikati ya mbuzi.

Ami alikuwa upande wa pili, amemshika beberu meno. Hakuona mpaka toroli lilipompita.

"Huyo wangu!" alipiga kelele.

"Kumbe anayeuza ni yeye?" dalali aliuliza watu. "Mwenyewe huyu hapa! Bei gani, mzee?"

"Hauzwi!"

Kauli hiyo ndiyo iliyoharibu. Mnyama aliyeletwa sokoni na mwenyewe anasema hauzwi, watu wakaona lazima ni wa thamani. Bwana mmoja wa makamo alimfungua kulungu mdomo, ambao haufunguki, akasema ana meno mazima. Mwingine akauliza anakula nini. "Hali," alisema Ami. "Hanywi pia?" "Hanywi." Bwana yule akawageukia wenzake na kusema kwamba kwa ukame wa miaka hii, hiyo ndiyo mbegu inayotakiwa.

Tulimtoa pale kwa kusukumana, bila mbuzi na bila utepe mpya. Halwa ninayo, ndiyo shahidi wangu.

Kizuizini

Pale Birkat al-Mawz askari hukagua kila gari kama linaweza mlima, kwa hiyo hakuna anayepita bila kutazamwa. Askari wetu alikuwa kijana mwenye adabu. Mwanzo wa habari yake nimekwisha usema: vidole, mapigo, na lile swali lake la nani kamuua.

Ami Seif alijibu kabla yangu, kwa Kiarabu cha pole pole.

"Hilo ndilo tunalokwenda kulijua huko juu."

Kijana alimtazama Ami, akamtazama kulungu na ile pembe iliyofungwa kama mguu wa majeruhi. Alimgonga kulungu ubavuni kwa kifundo cha kidole, akasikia sauti ya sponji, na mabega yake yakashuka. Kisha akauliza Ami ametoka wapi asili. Tabora, alijibiwa. Bibi yake kijana alizaliwa huko upande wa ziwa, na Kiswahili chote alichomfundisha kilikuwa neno moja. Alisimama wima akalitoa:

"Shikamoo!"

"Marahaba, mwanangu," alisema Ami.

Kijana akatufungulia njia. Akatuonya tuteremke kwa gia ya chini siku ya kurudi, na kwamba abiria wa nyuma mkanda wake umelegea.

Kwa Nassor

Mjomba Nassor alikuwa amesimama langoni. Ni mrefu, mkavu, na alikuwa na koti la sufu juu ya kanzu, kwani huko juu kuna baridi hata sisi wengine tunapoungua. Mimi nilimwamkia, akaniitikia vizuri. Na Ami walipeana mikono. Habari? Njema. Habari? Njema. Kisha tukakaa, mkewe akaleta tende na kahawa, na Ami akapokea kikombe, akakiweka juu ya mkeka.

Nassor alikitazama kikombe.

"Kunywa, Seif. Inapoa."

"Nina haja."

"Najua haja yako. Zuwena ananipigia simu kila siku. Kunywa kwanza."

"Nikinywa itakuwa imekwisha."

"Siji Sur kuombwa nikiri uongo mbele ya watoto."

"Sikuja na maneno," alisema Ami. "Nimekuja na kulungu."

Nassor alitoka nje akamwona. Alimzunguka mara mbili. Aliigusa pembe nyekundu, akaniuliza mimi, "Huyu alipata ajali?" Nikamwambia alikumbatiwa na Humaid, na kwamba Humaid keshamwitikia haja yake. Nassor alikohoa, na nina hakika kikohozi kile kilikuwa kicheko kilichozuiwa.

Wakakubaliana haraka kuliko nilivyotegemea. Nadhani hata Nassor alikuwa akiisubiri siku hiyo. Kulungu aliwekwa chini ya mkomamanga mwishoni mwa shamba, pale ambapo shamba linakatika na kushuka ngazi kwa ngazi bondeni. Umbali wakaubishania mpaka wakagawana tofauti. Mishale ikatolewa mkobani. Myeusi yote.

"Alama?" aliuliza Nassor.

"Alama ziko kwenye pembe," alisema Ami.

Nilipendekeza wapige mmoja baada ya mwingine, tuone. Wote wawili walinigeukia pamoja, wamekasirika. Tabora walipiga kwa pamoja. Nilipendekeza basi nipake mshale mmoja rangi ya mdomo. Nassor alisema mshale wenye rangi ya mdomo haupai sawa, na Ami, mara ya kwanza kwa mwaka mzima, alimuunga mkono.

Wakasimama bega kwa bega. Wakavuta. Na wote wawili, kwa sauti, kwa pamoja, kama watoto wa chuoni mbele ya mwalimu, wakasema, "Bismillahi!"

Nyuzi zikalia. Nilikuwa nimekaza macho, na nasema nilichoona: kitu cheusi kilikwenda, kitu kingine cheusi kilikwenda, na mshale mmoja ulikuwa umesimama nyuma ya bega la kulungu. Wa pili ulipita juu ya mikomamanga ukashuka bondeni.

Nilianza kwenda. Ami akanishika mkono.

"Kosa la nne," alisema. "Usimkimbilie. Mnyama aliyepigwa anangojwa afe."

"Kweli," alisema Nassor. "Tabora tulikimbia."

Wakakaa chini. Kwa hiyo tukamngoja kulungu wa sponji afe. Mke wa Nassor alileta chai na kuuliza tunangoja nini, na alipoambiwa alirudi jikoni. Wazee walikaa na magoti yao, wanatazama mbele. Baadaye kidogo Nassor alisema mkate aliowafungia mama yake Seif siku ile ya Tabora ulikuwa mtamu. Ami akasema ulikuwa mtamu kweli.

Simu ikalia. Alikuwa Bi Zuwena, aliyekwisha kupewa habari na wifi yake, nikamweka kwa sauti ili wote wasikie.

"Nani kapiga?" aliuliza.

"Mimi!" walisema wote wawili.

Bi Zuwena akauliza tena: "Na nani kasema Bismillahi?"

"Mimi!" walisema wote wawili.

"Basi huyo halali," alisema Bi Zuwena. "Mleni." Akakata.

Sijui nani alianza kucheka. Nassor alilazimika kushikilia mti. Ami alikuwa anajifuta macho kwa pembe ya kanzu, anajaribu kusema kitu na hawezi. Chakula chetu kilikuwa ugali na bamia, kwa sababu mke wa Nassor hakutegemea wageni, na wote wawili walikitazama na kuanza upya.

Mikomamanga

Ningeishia hapo ingekuwa vizuri. Lakini asubuhi nilikwenda kupanga vitu garini, na mkobani, ambamo mishale minne ilibaki, nilikuta miwili.

Nikarudi ndani. Nassor aliingia kutoka shambani, koti limejaa majani, ameshika mshale mweusi.

"Nimeuona!" alisema. "Chini kule, kwenye mikomamanga. Huu ndio wangu. Naujua. Kwa hiyo uliompata kulungu ni wako, Seif. Na wa Tabora pia. Nimekiri, shahidi huyu hapa."

Ami hakuonekana kufurahi. Aliingiza mkono chini ya mto aliokuwa amekalia akatoa mshale mweusi.

"Wangu nimeuokota mimi alfajiri," alisema. "Kwenye hiyo hiyo mikomamanga. Uliopiga ni wako."

Waliitazama mishale miwili. Wakatazamana.

"Muongo wewe," alisema Nassor.

"Muongo wewe!"

"Nimekuambia umepiga wewe!"

"Na mimi nakuambia umepiga wewe, mwanamume, kwa nini hutaki kukubali?"

Ugomvi ulikuwa mkubwa kuliko wa kwanza. Mke wa Nassor alileta kahawa ya kuagana. Nassor alipokea kikombe akakiweka juu ya mkeka: ana haja, alisema, Seif akubali kwamba ndiye aliyepiga. Ami naye akaweka chake pembeni ya kile. Nilingoja mpaka kahawa ikafanya utando. Kisha nikamsaidia Ami kuinuka, tukateremka kwa gia ya chini, kiti cha nyuma kitupu. Kulungu tulimwacha pale na mshale wake. Hakuna aliyekubali uchomolewe.

Arusi ni Alhamisi ijayo. Nassor anasema atakuja, koti ameshalipiga pasi, Seif akikubali tu kwamba mshale ulikuwa wake. Ami Seif anasema hawezi kukubali uongo. Wanapigiana simu asubuhi na jioni kuambizana hivyo, na mazungumzo yao yanachukua saa nzima. Bi Zuwena ametandika kitanda cha chumba cha wageni.

Mishale ilikuwa sita. Mmoja uko kwenye kulungu, miwili mkobani, miwili juu ya meza ya Nassor. Mmoja bado uko huko kwenye mikomamanga.